Mwili Wasema Ndege Imelala, Kipimo Chasema Imenyooka: Niamini Kipi?

Swali

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania ninayesomea urubani Nairobi. Tunatumia Cessna 172 ya zamani yenye vipimo vya duara. Wiki iliyopita nilianza masomo ya kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake, nikiwa nimevaa kofia inayonizuia kuona nje. Katikati ya somo nilihisi kabisa kwamba ndege imelala kushoto, ilhali upeo bandia, kile kipimo cha kuonyesha ndege imelala au imeinama kiasi gani, ulionyesha mabawa yako sawa. Nilitaka kuirudisha kulia, mkufunzi akanizuia. Tena, baada ya kama nusu saa, kipimo cha mwelekeo kilikuwa kimeachana na dira kwa nyuzi 10. Mwenzangu mmoja anasema gurudumu lililomo ndani ya upeo bandia huvutwa na dunia, ndiyo maana linajua chini ni wapi. Mwingine anasema kipimo cha mwelekeo hufuata kaskazini kama dira, kwa hiyo kikiachana nayo kimekufa. Nani yuko sahihi, na nikiwa ndani ya wingu niamini kipimo au mwili wangu?"

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Umeleta maswali mawili katika barua moja, na majibu yake yanakwenda njia tofauti. Kuhusu ile hisia ya kulala kushoto, mwili wako ulikosea, upeo bandia ulikuwa sahihi, na mkufunzi wako alifanya jambo la haki kukuzuia. Kuhusu zile nyuzi 10, siko upande wa kipimo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kina kasoro, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila hata kuiona ndege yenu. Wenzako wote wawili wamekosea, ingawa wa kwanza ameupapasa ukweli bila kujua.

Nianze na mwili. Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu myembamba iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, na kila mmoja umeelekea upande wake. Kichwa kinapogeuka, mirija hugeuka nacho lakini majimaji huchelewa kidogo, na kuchelewa huko hupinda vinyweleo ambavyo huupelekea ubongo habari. Mfumo huu hutambua mabadiliko ya mwendo wa kuzunguka, basi. Ndege ikiwa katika kona isiyobadilika kwa sekunde 10 hadi 20 hivi, majimaji huwa yameshaufikia mwendo wa mirija, vinyweleo husimama tena, na ubongo huamini kwamba hakuna kinachozunguka. Vilevile ndege ikianza kulala polepole sana, kwa chini ya nyuzi 2 hivi kwa sekunde, sikio halina habari kabisa.

Sasa rudi kwenye somo lako. Inaelekea ndege ilikuwa imelala kulia taratibu, bila wewe kuhisi lolote, pengine wakati ukitazama ramani au ukibadilisha masafa ya redio. Kisha wewe au mkufunzi mkaiona kwenye upeo bandia na kuinyoosha kwa haraka. Sikio halikuusikia mlalo wa kwanza uliokuja taratibu, likausikia ule wa kurudi kushoto uliofanywa kwa haraka, na kwa hesabu yake mmetoka kwenye unyoofu mkaingia mlalo wa kushoto. Kama ungeachwa uifuate hisia hiyo, ungeilaza ndege kulia tena na kujisikia umetulia kabisa huku mkianza kushuka katika duara. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo, wakiwa hawaoni nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Lengo la jaribio hilo lilikuwa kutafuta namna ya kuwafundisha kugeuka na kurudi walikotoka, na mafunzo yalisaidia. Lakini kabla ya mafunzo hakuokoka hata mmoja kwa nguvu ya hisia zake.

Kwa nini basi kipimo kione kile ambacho sikio halikioni? Hapa ndipo jairoskopu, yaani gurudumu linalozunguka kwa kasi na kushikilia upande wake, inapoingia, na ningependa uishike kwa mikono yako kabla ya kuisoma kitabuni. Chukua gurudumu la mbele la baiskeli, shika ekseli yake kwa mikono miwili, mkono mmoja kila upande, kisha mtu alizungushe kwa kasi kuelekea mbele, kama linavyokwenda barabarani. Utagundua mambo mawili. La kwanza, gurudumu halitaki kugeuzwa. Mhimili wake hung'ang'ania upande ule ulioelekezwa. La pili ni la kushangaza zaidi. Jaribu kuliinamisha kushoto, na badala ya kuinama tu litageuza uso wake kutazama kushoto. Nguvu uliyoiweka sehemu ya juu ya gurudumu hujitokeza robo mzunguko mbele yake, kwa kufuata upande linakozungukia. Fanya hivyo mara kadhaa mpaka mikono ielewe, kwa sababu vipimo vyote vitatu vya jairoskopu vilivyo mbele yako vimejengwa juu ya tabia hizo mbili.

Upeo bandia hutumia zaidi ile tabia ya kwanza. Ndani yake mna rota, yaani gurudumu dogo zito, inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, mhimili wake ukiwa wima, nayo imeshikwa na fremu mbili zenye bawaba, moja ndani ya nyingine, kiasi kwamba ndege inaweza kuinama na kulala bila kuilazimisha rota kuinama nayo. Ule mstari wa upeo unaouona umeunganishwa na rota. Kwa hiyo, unapoona mstari umelala kwenye kioo, jua kwamba mstari umebaki palepale na kiti chako ndicho kilicholala.

Mwenzako wa kwanza anadhani rota inajua chini ni wapi. Haijui. Ungewasha jairoskopu safi, isiyo na kirekebishi chochote, hapo Nairobi asubuhi, mhimili wake ukiwa wima, baada ya saa 6 ungeikuta imelala ubavu. Yenyewe haikusogea, dunia ndiyo imezunguka robo ya mzunguko wake, na "juu" ya Nairobi imegeuka nayo. Rota hushikilia upande fulani wa anga, na dunia haimo katika hesabu zake.

Mvutano wa dunia umeingizwa na mafundi kwa mlango wa nyuma. Katika vipimo vinavyoendeshwa kwa hewa, kama ilivyo katika Cessna nyingi za umri huo, hewa iliyokwisha kuizungusha rota hutokea chini kupitia matundu manne, na juu ya kila tundu huning'inia kibao kidogo kinachofuata uzito wake. Rota ikiwa wima, matundu yote hupumua sawasawa. Ikiinama, kibao kimoja hufungua tundu zaidi na cha upande wa pili huziba, hewa hutoka kwa nguvu upande mmoja, na msukumo huo, kwa ile tabia ya kujitokeza robo mzunguko mbele, huirudisha rota wima. Kazi hii hufanywa taratibu kwa makusudi, nyuzi chache tu kwa dakika, ili vibao visiweze kuivuruga rota kila ndege inapotikisika.

Vibao hivyo, hata hivyo, havitofautishi uzito na msukumo. Unapoongeza kasi wakati wa kupaa vinabaki nyuma, na upeo bandia unaweza kuonyesha pua iko juu kidogo kuliko ilivyo. Ukipunguza kasi huonyesha kinyume. Katika kona ndefu vinavutwa nje, na ukimaliza nusu duara unaweza kuona kosa la nyuzi chache, ambalo hujisahihisha mnapoendelea kuruka mkiwa mmenyooka. Makosa haya ni madogo na yanajulikana. Ninayataja ili usije ukayaona siku moja ukadhani mwili wako ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tuje kwenye nyuzi 10. Kipimo cha mwelekeo kina rota iliyolazwa, mhimili wake ukiwa sambamba na ardhi, nacho hakina sumaku yoyote ndani yake. Hakijui kaskazini. Kinashikilia namba uliyokipa wewe ulipozungusha kitufe, basi. Tunakitumia kwa sababu dira ya sumaku, ambayo ndiyo inayojua kaskazini, huyumba ndege inapogeuka au kubadili kasi; tunachukua kaskazini kutoka kwenye dira ilipotulia, tunaiazima kwa kipimo cha mwelekeo, na kila dakika 15 tunaifanya upya. Kuachana kidogo na dira ni tabia yake ya kawaida, si ugonjwa. Swali la maana ni kinaachana kwa kasi gani, na kwa nini.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya urubani havilipi uzito, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya watu wanaorukia Uingereza na Marekani. Vitasema kipimo hiki huhama kwa sababu dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Hesabu hiyo hutimia yote katika ncha za dunia, ambako mtu aliyesimama huzungushwa papo hapo alipo. Katika ikweta mtu aliyesimama hapinduki hivyo. Hubebwa kuelekea mashariki bila kuzungushwa juu ya nyayo zake. Kwa hiyo kadiri unavyoikaribia ikweta, ndivyo sehemu ya mzunguko wa dunia inayokifikia kipimo chako inavyopungua. London ni karibu nyuzi 12 kwa saa. Dar es Salaam ni nyuzi 1.8 hivi. Nairobi, iliyo nyuzi 1 na kitu tu kusini mwa ikweta, ni kama theluthi moja ya uzi kwa saa nzima. Katika nusu saa yako, dunia haikuchangia hata robo ya uzi. Basi nyuzi 10 zimetoka wapi?

Kwanza ondoa shaka ya namna ulivyolinganisha. Kama uliisoma dira mkiwa kwenye kona, au mkiongeza kasi, ulikuwa unalinganisha na kitu kinachoyumba. Ulinganisho halali ni ule wa ndege iliyonyooka, mabawa sawa, kasi ile ile kwa muda, huku ukiisoma dira pamoja na kadi yake ya masahihisho iliyobandikwa karibu nayo. Kosa linaweza pia kuwa lilianza pale mwanzo, ulipokiweka kipimo kwa dira ambayo haijatulia. Mkirudia safari kwa uangalifu huo na bado kinahama zaidi ya nyuzi 3 kwa kila dakika 15, umevuka kiwango ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa kinavumilika, na nyuzi 10 kwa nusu saa ni mbali kuliko hapo. Sababu ya kawaida ni beringi zilizochakaa. Msuguano wao huisukuma rota, nayo, kama gurudumu lako la baiskeli, huitikia kwa kugeukia pembeni. Vipo pia vipimo vilivyotengenezwa na nati ndogo ya kufidia mzunguko wa dunia kwa latitudo maalumu. Kipimo cha namna hiyo kilichorekebishwa Ulaya na kuletwa ikweta bila kuguswa kitakuwa kinasahihisha kosa ambalo hapa halipo, na hivyo kulizaa. Ulizeni kipimo chenu kilitoka wapi na kilifanyiwa matengenezo lini.

Kuna kitu unachoweza kukifanya mwenyewe. Mkishazima injini, usikimbilie kufungua mlango. Kaa kimya usikilize nyuma ya dashibodi. Rota zenye beringi nzuri huvuma kwa sauti laini inayofifia kwa dakika kadhaa. Ukisikia mkwaruzo, au zikasimama mapema mno, mwambie fundi.

Kipimo cha tatu, kile chenye kindege kidogo kinachoinamisha bawa, kinahitaji maneno machache. Hiki hutumia ile tabia ya pili. Rota yake ina fremu moja tu iliyozuiwa na springi, ndege inapogeuka rota hujivuta dhidi ya springi hiyo, na kiasi cha kujivuta ndicho kasi ya kugeuka. Bawa la kindege likigusa alama, mnageuka nyuzi 3 kwa sekunde, yaani duara zima kwa dakika 2. Kumbuka kwamba hakionyeshi mlalo, ingawa umbo lake linashawishi kufikiri hivyo. Fremu yake imeinamishwa kidogo ili ihisi pia mwanzo wa kulala, lakini mkishatulia kwenye kona kinasema kasi ya kugeuka tu. Ile gololi iliyo chini yake haina jairoskopu yoyote. Ni gololi ndani ya kioo kilichopinda chenye majimaji.

Umuhimu wake mkubwa uko kwenye chakula chake. Upeo bandia na kipimo cha mwelekeo katika ndege kama yenu hulishwa na pampu ya ombwe inayoendeshwa na injini, ambayo hufyonza hewa kutoka ndani ya vipimo ili hewa ya chumbani iingie kupitia chujio na kuipiga rota. Kipimo cha tatu kwa kawaida hulishwa na umeme, kwa makusudi, ili hitilafu moja isiviue vyote. Pampu hizi, hasa zile kavu zenye vibao vya kaboni, zinaweza kukatika ghafla bila dalili. Na ikikatika, vipimo havizimi. Rota hupungua kasi taratibu kwa dakika kadhaa, na upeo bandia huanza kuinama kidogo kidogo, kwa upole ule ule ambao mkono wako umefundishwa kuufuata. Katika vipimo vingi vya zamani hakuna bendera nyekundu wala taa ya kukuonya. Ndiyo maana nasisitiza ile saa ndogo ya ufyonzaji, inayoonyesha nguvu ya pampu hiyo, ambayo katika ndege nyingi hutakiwa kusoma baina ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Wanafunzi huitazama kabla ya kupaa kisha wakaisahau.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, niamini kipimo au mwili, nalibadilisha kidogo. Mwili umeshaondoka kwenye mashindano. Kinachobaki ni kuvilinganisha vipimo vyenyewe kwa vyenyewe. Upeo bandia ukisema mmelala kulia, kindege kiinamishe bawa la kulia na namba za mwelekeo ziongezeke. Ukisema pua iko juu, kasi ipungue na altimita, yaani kipimo cha kimo, ipande. Kipimo kimoja kikipingana na wenzake wawili wenye chakula tofauti, hicho kimoja ndicho cha kutiliwa shaka. Kifunike kwa karatasi ili jicho lisirudi kwake kwa mazoea, kisha urushe kwa vilivyobaki.

Ajali mbili zinanifanya niseme hivi kwa uzito. Tarehe 22 Desemba 1999, Boeing 747 ya mizigo ya Korean Air ilipaa usiku kutoka Stansted, Uingereza, upeo bandia wa nahodha ukiwa hauonyeshi mlalo. Kengele ya kutofautiana kwa vipimo ililia, kipimo cha rubani msaidizi kilikuwa sahihi na cha akiba pia, na mhandisi wa ndege alitamka kwamba wamelala. Nahodha aliendelea kukifuata kilicho mbele yake. Wote wanne walikufa chini ya dakika moja baada ya kupaa. Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways ilipaa usiku kutoka Douala, Kamerun, kukiwa na dhoruba. Ndege ikaanza kulala kulia polepole, wakati hakuna aliyekuwa akiiongoza kwa kuwa mtambo wa kujiendesha haukuwa umeshika, na tahadhari ya mlalo ilipolia nahodha alikuwa ameshapoteza picha ya ndege ilivyokaa. Watu 114 walifariki, na kati ya familia zilizofiwa zimo za huku kwetu, kwa hiyo siitaji kama mfano wa darasani tu. Katika ajali ya kwanza kipimo kimoja kilidanganya na wenzake wakasema kweli bila kusikilizwa. Katika ya pili vipimo vilisema kweli, binadamu akatatizika.

Pengine utajiuliza kama ndege mpya zenye skrini zimemaliza tatizo. Zimeondoa rota, pampu na beringi. Vipande vidogo vya silikoni vinavyotetemeka, vya jamii moja na vile vilivyo ndani ya simu yako, hupima mzunguko, na kompyuta huvisahihisha kwa sumaku na kipimaji cha mvutano. Katika ndege kubwa kazi hiyo hufanywa na miale ya leza inayozungushwa pande mbili zinazopingana. Kuharibika kumepungua sana, lakini kila mfumo wa namna hii nao huhama kidogo na unahitaji kusahihishwa, na sikio la rubani ni lile lile alilokuwa nalo Jimmy Doolittle mwaka 1929, alipopaa na kutua Mitchel Field, New York, akiwa amefunikwa asione nje hata kidogo. Kwa maoni yangu umebahatika kuanza na vipimo vya duara, kwa kuwa unaona kila kimoja kinavyokosea.

Sasa ya kufanya. Andika zile nyuzi 10 kwenye kitabu cha hitilafu cha ndege, pamoja na muda na hali mliyokuwa nayo. Usiishie kumwambia mkufunzi kwa mdomo. Kipimo kikithibitika kibovu, kitolewe na fundi mwenye leseni na kupelekwa karakana inayoruhusiwa kushughulikia jairoskopu, maana beringi hizi hazifunguliwi kwenye benchi la kawaida. Mpaka hapo, ndege hiyo isiingie wingu, wewe ukiwemo au usiwemo. Kama mnaambiwa "hicho huwa hivyo siku zote", hiyo ni sababu zaidi ya kumwona mhandisi mkuu wa chuo ana kwa ana.

Kuhusu mwili, hisia uliyoipata ni ya mtu mzima kiafya. Lakini ukiona kizunguzungu kinakufuata hadi chini, au masikio yameziba kwa mafua na kichwa kinazunguka unapogeuka kitandani, usiruke. Nenda kwanza kwa daktari anayepima marubani. Na katika somo lijalo mwombe mkufunzi afunike upeo bandia bila kukuambia ni lini, nawe urushe kwa kindege, altimita, kipimo cha kasi na dira, kwanza kwenye mstari ulionyooka, kisha kona za kasi ya kawaida kushoto na kulia.